Kabla ya Sabufa, Mkanda wa Taimingi

MASWALI NA MAJIBU YA MAGARI

Barua nyingi za mwezi huu zimehusu gari moja tu, nalo ni Subaru Impreza WRX ya kizazi cha pili, iliyotengenezwa Japani kati ya mwaka 2000 na 2007, yenye injini ya lita 2.0 na tabo, yaani feni inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini. Hilo halishangazi. Tangu sheria ya mwaka 2018 ilipopiga marufuku kuingiza nchini Uganda gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi, magari haya hayaletwi tena kutoka bandarini. Yaliyopo hupita mkono kwa mkono, na kila mkono huacha waya wake, nati yake na siri yake. Wanaoyanunua sasa wengi wao ni vijana wenye mapenzi makubwa na mfuko wa wastani, ambao wanataka kushika spana wenyewe, na papo hapo wanataka muziki wa kueleweka ndani ya gari. Tumechagua barua ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

SWALI: Mhariri, assalaam alaykum. Nimenunua WRX ya mwaka 2004, gia za mkono, kutoka kwa mtu aliyeitumia Kampala kwa miaka mingi. Hana kitabu wala kumbukumbu yoyote ya sevisi. Aliniambia tu kwamba gari halina shida. Nina sanduku la spana na uwanja wa sementi nyumbani. Ningependa kufanya sevisi mwenyewe, kisha niweke amplifaya na sabufa kabla ya Idi. Nianzie wapi, na kazi gani nisiiguse?
Msomaji wa Bombo

JIBU: Waalaykum salaam. Anza na kazi isiyohitaji spana. Fungua boneti injini ikiwa baridi, utafute kibandiko kidogo chenye maandishi ya Kijapani karibu na kifuniko cha mkanda wa taimingi (mkanda wa raba unaopatanisha mwendo wa valvu na pistoni) au kwenye chuma kilicho juu ya rejeta. Mafundi wa Japani wanapobadilisha mkanda huo huandika hapo kilomita na tarehe, na mara nyingi mwaka huhesabiwa kwa miaka ya utawala wa mfalme wao: ukiona 22, jumlisha 1988, utapata 2010. Usipokiona kibandiko hicho, wala risiti ya fundi wa hapa, chukulia kwamba mkanda haujabadilishwa, hata kama muuzaji ameapa. Kiwango cha kiwanda ni kilomita 100,000, lakini raba huzeeka hata gari likisimama, na gari la mwaka 2004 lenye mkanda wake wa kwanza linatembea kwa rehema tu. Katika injini hii mkanda ukikatika valvu hugongana na pistoni, na kuanzia hapo huzungumzii tena matengenezo bali injini nyingine.

Hii ndiyo kazi ambayo sikushauri uifanye peke yako. Mkanda mmoja huzungusha kamshafti nne, yaani shafti zinazofungua valvu, zilizo pande mbili za injini, na ukikosea alama kwa jino moja au mawili injini haitakaa sawa. Tafuta fundi anayezijua Subaru, nunua vifaa wewe mwenyewe, usimame karibu naye akifanya kazi. Mwambie abadilishe pia roli zote, kikazio cha mkanda, themostati na pampu ya maji, kwa sababu pampu ya maji ya injini hii huzungushwa na mkanda uleule. Nimewaona watu wakiweka mkanda mpya juu ya roli kuukuu ili kuokoa fedha kidogo, roli ikakwama, mkanda mpya ukakatika. Kuokoa kwa namna hiyo ni hasara iliyoahirishwa.

Oili ya injini ni kazi yako kabisa. Injini huchukua karibu lita 4 pamoja na filta. Jaza lita tatu na nusu kwanza, kisha ongeza kidogo kidogo ukitazama dipstiki, gari likiwa mahali tambarare na limezimwa kwa dakika kadhaa ili oili iteremke kutoka pande zote mbili. Kiwanda kilipendekeza 5W-30, na 10W-40 inakubalika penye joto na kwa injini iliyotembea sana. Badilisha kila kilomita 5,000, usisubiri zaidi ya hapo, kwa maana shafti ya tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika huku ikitegemea utando mwembamba wa oili hiyohiyo. Injini hizi pia zina tabia ya kula oili, kwa hiyo kuvuta dipstiki kila unapojaza petroli si wasiwasi bali ni kawaida ya mwenye gari. Kwa kuwa lako ni la gia za mkono umeepuka mtego mmoja: kwenye lile la otomatiki boliti ya kumwagia mafuta ya giaboksi iko jirani na ile ya injini, na wako waliomwaga mafuta ya giaboksi wakidhani ni oili, kisha wakajaza oili juu ya oili, na gari likakataa kuondoka uwanjani.

Giaboksi yako na difu ya mbele hutumia mafuta yaleyale, 75W-90, karibu lita 3.5, yanayojazwa kupitia tundu la dipstiki ya giaboksi. Difu ya nyuma huchukua lita 0.8 tu. Hapo kuna kanuni moja ya kukumbuka: fungua kwanza boliti ya kujazia, ndipo ufungue ya kumwagia, kwani ukimwaga kisha ukakuta ya kujazia imeganda kwa kutu, gari lako halitatoka hapo kwa nguvu zake lenyewe. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Weka stendi mbili juu ya sementi, ulisukume gari kwa bega, na likitikisika zipange upya.

Maji ya rejeta yanataka subira kuliko nguvu. WRX ina mifuniko miwili, mmoja kwenye rejeta na mwingine kwenye tangi dogo la chuma lililo juu zaidi karibu na injini, na presha ya mifuniko hiyo haifanani, kwa hiyo isibadilishane nafasi. Jaza kupitia tangi la juu, fungua skurubu ndogo ya kutolea hewa iliyo juu ya rejeta, na utumie kulanti badala ya maji ya bomba, kwa sababu vichwa vya injini ni vya alumini na maji matupu huvila. Injini ikishapata moto, tazama chupa ya akiba: mapovu yanayoendelea kutoka bila kukoma ni dalili kwamba gasketi ya kichwa inapitisha gesi, na hilo ni afadhali ulijue leo ukiwa Bombo kuliko kesho ukiwa njiani kwenda Gulu.

Plagi unaweza kuzibadilisha, ila jipange. Injini imelala, plagi zinatazama kando, na nafasi iliyopo kati yake na bodi haitoshi kwa mkono mnene. Utahitaji kutoa betri upande mmoja na boksi la filta ya hewa upande wa pili, na utumie racheti yenye viungo vifupi viwili vitatu vinavyounganishwa mle mle ndani. Injini iwe baridi. Anza kuifunga kila plagi kwa vidole mpaka ikae, kisha kaza kwa spana ya kupimia hadi karibu nyutoni-mita 21. Uzi wa alumini ukishaharibika hauna radhi.

Ama sabufa kabla ya Idi, bahati njema Idi ziko mbili.

SWALI: Nilipasukiwa tairi nikiwa njiani, fundi wa kando ya barabara akanisaidia. Tangu siku hiyo nati mbili za gurudumu la nyuma zinazunguka bila kukaza. Fundi mwingine ameniuzia nati anazosema ni za magari yote. Je, si kweli kwamba nati ni nati tu?
Msomaji wa Mbale

JIBU: Si kweli, na tafadhali usiliendeshe gari hilo mbali mpaka umalize kusoma. Stadi, yaani boliti zinazoshika magurudumu ya Subaru yako, zina unene wa milimita 12 na uzi wa hatua ya milimita 1.25 (hatua ni umbali kati ya mzunguko mmoja wa uzi na unaofuata), sawa na Nissan nyingi. Toyota, ambayo ndiyo imejaza barabara zetu na ndiyo imejaza kopo la nati la kila fundi wa tairi, ina unene uleule wa milimita 12 lakini uzi wake ni wa hatua ya 1.5. Ukiziweka kiganjani hutaona tofauti. Nati ya Toyota huingia kwenye stadi ya Subaru mizunguko miwili ya mwanzo, kisha inakuwa nzito. Fundi mwenye haraka hudhani ni kutu, anachomeka bomba refu kwenye spana, anaikanyaga kwa mguu, na uzi wa stadi unanyolewa. Hapo nati huonekana imekaza kumbe imekwama, au huzunguka bila mwisho kama zako mbili.

Dawa ni stadi mpya na nati zenye uzi wa 1.25. Huko nyuma breki ya mkono iko ndani ya diski, kwa hiyo kama hujawahi kuifungua mpe fundi, ila mpelekee stadi sahihi mkononi. Kuanzia sasa, nati yoyote lazima iingie kwa vidole mpaka ikaribie kugusa rimu. Isipokubali kwa vidole, si yake. Kaza kwa mkato wa nyota, nyutoni-mita 80 hadi 98, kisha zipime tena baada ya kutembea kilomita kama 50. Weka nati nne za akiba ndani ya buti, na siku ya pancha umpe fundi hizo.

SWALI: Ndugu mhariri, redio iliyokuja na gari langu inashika Sanyu na CBS, basi. Capital haipatikani, Simba haipatikani. Muuza vifaa ameniwekea kiboksi kidogo kwenye waya wa antena. Sasa Simba inapatikana lakini kwa namba ya ajabu, sauti ina mkwaruzo, na CBS imepotea. Redio ni mbovu au kiboksi ni kibovu?
Msomaji wa Ntinda, Kampala

JIBU: Vyote viwili ni vizima. Japani ilitenga masafa ya FM kati ya megahezi 76 na 90, na baadaye, televisheni ya analogi ilipozimwa, ikaongeza mpaka 95, ila redio za zamani kama yako huishia 90. Sisi tunatumia 87.5 hadi 108. Pale yanapokutana ndipo unapompata Sanyu kwenye 88.2 na CBS kwenye 88.8, lakini Capital ya 91.3 na Simba ya 97.3 ziko nje ya uzio. Kiboksi ulichowekewa hushusha mawimbi kwa kiasi maalumu: kikishusha 14, Simba itasikika kwenye 83.3 na Capital kwenye 77.3. CBS nayo inashuka hadi 74.8, ambako redio yako haifiki. Hesabu yenyewe inakataa, kwa sababu masafa yetu yana upana wa zaidi ya megahezi 20 na redio yako ina nafasi ya 14 tu. Hakuna kiboksi kitakachoziingiza zote. Mkwaruzo nao ni gharama ya kuyageuza mawimbi hayo kwa kifaa cha bei rahisi.

Badilisha redio. Impreza ina nafasi ya kawaida ya upana wa milimita 178 na urefu wa 100. Angalia usiuziwe redio pana ya Toyota ya milimita 200, maana hiyo haitaingia bila kukata dashibodi, na dashibodi iliyokatwa haishoneki. Kabla ya kugusa chochote ondoa waya hasi wa betri na usubiri dakika chache; nyaya na soketi za manjano utakazoziona huko ndani ni za mifuko ya hewa, ziache kama zilivyo. Kisha nunua soketi ya kuunganishia, ile yenye pini 14 ya Subaru za miaka hiyo, uunganishe rangi kwa rangi na waya za redio mpya juu ya meza, ukiwa umeketi: manjano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni wa swichi, nyeusi ni hasi, na spika ni nyeupe, kijivu, kijani na zambarau, kila moja ikiwa na mwenzake mwenye mstari mweusi. Fundi atakayekata soketi ya gari ili asokote nyaya kwa utepe, mshukuru na uondoke. Wengi wa wanaotuandikia kuhusu betri inayoisha usiku tatizo lao lilianzia kwenye waya wa manjano na mwekundu zilizosokotwa pamoja.

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu, na gari langu ni WRX ya mwaka 2003. Niliwekewa amplifaya ndani ya buti na sabufa moja ya inchi 10. Tangu hapo nasikia mlio mwembamba kama wa mbu kwenye spika zote, na ninapokanyaga mafuta mlio unapanda. Usiku, besi ikipiga, taa zinafifia. Aliyenifungia anasema ninunue kapasita kubwa na betri ya lori. Je, ni ushauri wa kweli?
Dada wa Jinja

JIBU: Mwalimu, usinunue chochote bado. Mambo uliyoyataja ni mawili, na kila moja lina chanzo chake, ingawa mara nyingi yote mawili huanzia kwenye waya.

Tuchukue taa kwanza. Tuseme amplifaya yako inatoa wati 300 za kweli na ni ya daraja D, ambayo hupoteza karibu moja ya tano ya umeme inaoula. Itahitaji wati 375, na kwa volti 13.8 hizo ni ampea 27. Kebo kutoka betri mpaka buti ni kama mita 5. Ikiwa ni ya shaba halisi yenye eneo la milimita za mraba 8, ile inayoitwa geji 8 (namba ya geji ikiwa ndogo, waya ni mnene zaidi), utapoteza chini ya theluthi ya volti njiani. Ikiwa ni ya milimita za mraba 21, ile inayoitwa geji 4, utapoteza takriban moja ya kumi. Sasa basi, kebo nyingi zinazouzwa ndani ya pakiti nzuri zenye picha ya moto si shaba. Ni alumini iliyopakwa shaba juu, tena ganda la plastiki ni nene kuliko waya uliomo, ili kebo ya geji 8 ionekane ya geji 4. Chuna uzi mmoja kwa kisu: ukiwa mweupe ndani, umejua ulichouziwa.

Pima badala ya kubahatisha. Mita ya umeme ni kifaa cha bei nafuu kuliko kapasita yoyote. Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, betri nzima husoma karibu volti 12.6, likiwaka inapaswa kusoma kati ya 13.8 na 14.4. Kisha piga muziki kwa sauti yako ya kawaida, upime kwenye nguzo za betri, halafu upime kwenye vituo vya amplifaya. Betri ikisoma 14 na amplifaya ikisoma 12, umeme unapotelea njiani na kapasita, ambayo huhifadhi umeme kidogo kwa muda mfupi tu, haitaurudisha. Betri yenyewe ikishuka hadi 12 huku injini inawaka, basi tazama altaneta, mkanda wake na vituo vya betri, ambavyo katika magari mengi niliyoyaona vimevaa unga mweupe na hakuna aliyejali. Betri ya lori haitengenezi umeme. Huuhifadhi tu, na altaneta ndiyo itakayotwishwa kazi ya kuijaza.

Mlio sasa. Mlio unaopanda na kushuka na mwendo wa injini ni umeme wa altaneta ulioingia kwenye njia ya sauti, na mlango wake mkubwa ni waya hasi wa amplifaya. Fungua zulia la buti utazame ulipofungwa. Nina shaka umefungwa kwenye boliti yenye rangi ya gari chini yake, au mbaya zaidi, kwenye boliti ya mkanda wa usalama, ambayo haipaswi kuguswa kwa kazi ya muziki hata siku moja. Chagua mahali penye chuma kizito cha bodi, pasizidi nusu mita kutoka amplifaya, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, funga kwa kichwa cha waya kilichobanwa vizuri, na ukishakaza paka grisi juu ili kutu isirudi. Unyevu wa ziwa huko kwenu haukawii. Kwa magari mengi mlio huishia hapo.

Usipokwisha, fuata nyaya nyembamba za RCA zinazopeleka sauti kutoka kwenye redio hadi amplifaya. Betri ya Impreza iko upande wa abiria, kwa hiyo kebo nene ipite upande huo na RCA zipite upande wa dereva. Zikilala pamoja chini ya zulia moja, zitasimuliana. Chomoa RCA kwenye amplifaya ukiwasha gari: mlio ukiisha, unatoka mbele, nawe utaitazama hasi ya redio, ukibaki, uko kwenye amplifaya au hasi yake. Kuna vichujio vya kuziba mlio vinavyouzwa madukani, na vinafanya kazi kwa kiasi, ila vinapunguza na besi uliyoilipia.

Kuna jambo hukuuliza, nami sitalala bila kulisema. Angalia kama kuna fyuzi kwenye kebo hiyo, si pembeni ya amplifaya bali karibu na betri, ndani ya sentimita 45. Kebo isiyo na fyuzi mbele, inayopita kwenye tundu la bati lisilo na raba, ikichunika kidogo itagusa bodi, na betri yote itamwaga umeme wake pale pale, zulia likiwa juu. Fyuzi hulinda kebo, wala si amplifaya. Kwa geji 8 ya shaba weka ya ampea 40 hadi 50. Hapo kwenye tundu la bati weka raba, na uisogeze kebo mbali na bomba la ekzosi na tabo, ambavyo hupata moto wa kuyeyusha plastiki.

Mwisho, kile kitufe cha geini si cha sauti. Kazi yake ni kulinganisha nguvu ya redio na ya amplifaya. Kirudishe mwanzo kabisa, weka redio robo tatu ya sauti yake yote, kisha kifungue taratibu mpaka usikie sauti inaanza kukwaruza, urudi nyuma kidogo na ukiache hapo. Wanafunzi wako watakuambia kiende mpaka mwisho. Usiwasikilize.

SWALI: Nataka kubadilisha spika za milango ya WRX yangu. Nimeona redio imeandikwa wati 50 mara nne. Ninunue spika za wati ngapi? Tena milango inatetemeka besi ikipiga, na vumbi la huku linaingia kila mahali. Rafiki anashauri nibandike lami ya kuezekea nyumba ndani ya mlango.
Msomaji wa Arua

JIBU: Hizo wati 50 ni za kwenye boksi. Redio inayotumia umeme wa gari wa volti 14.4, bila amplifaya ya nje, haiwezi kuipa spika ya omu 4 zaidi ya wati 26 au hivi za sauti safi, na kwa kawaida hutoa kama 20. Kwa hiyo usitafute spika yenye namba kubwa. Tafuta yenye usikivu mkubwa, desibeli 90 au zaidi kwa wati moja, nayo itaimba vizuri kwa kidogo ulicho nacho. Milango ya mbele hupokea inchi 6.5 ukiweka pete ya kuinulia spika. Pete za mbao za MDF hukatwa na seremala yeyote, ila zipake vanishi mara mbili tatu pande zote, kwa sababu maji ya mvua hupita ndani ya mlango na mbao hiyo ikilowa huvimba. Kabla ya kurudisha paneli, teremsha kioo mpaka chini ukiwa unatazama kwa tochi kama kinagusa sumaku.

Lami ya paa, hapana. Gari likisimama juani Arua itayeyuka, itanuka mpaka kwenye nguo, na itachuruzika ndani ya njia ya kioo. Tumia mikeka ya raba ya butili yenye karatasi ya alumini juu. Safisha bati kwa spiriti, bandika kipande nyuma ya spika na kingine kwenye bati la ndani, ukikandamiza kwa roli mpaka michirizi ya karatasi ilale. Huhitaji kufunika mlango wote. Matundu madogo yaliyo chini ya mlango yaache wazi, ndiyo mfereji wa maji. Ile nailoni iliyobandikwa nyuma ya paneli irudishe pia au ubadilishe kwa nyingine, kwani hiyo ndiyo inayozuia vumbi na maji kuingia upande wako. Kabla ya yote hayo, weka kidole kwenye kibao cha namba cha nyuma muziki ukipiga. Nusu ya mitetemo ninayolalamikiwa iko hapo, na tiba yake ni kipande cha sponji.

Halafu kwenye redio kata besi za chini ya hezi 80 zisiende milangoni. Spika ya mlango ikiachiwa na kazi ya sabufa, haifanyi vizuri kazi zote mbili.

SWALI: Mkubwa, naomba kujua valvu nzuri ya kufanya tabo ipige ule mlio wa "pshhh" ninapobadilisha gia. Niliyoweka inapiga vizuri lakini gari linatoa moshi mweusi na linataka kuzima nikifika taa za barabarani.
Msomaji wa Mbarara

JIBU: Linafanya hivyo kwa haki. Sensa iliyo baada ya filta ya hewa imeshaihesabu hewa yote iliyopita, na kompyuta imeshapima petroli ya kutosha hewa hiyo. Valvu ya kiwandani huirudisha hewa iliyozidi kwenye njia ya kuingilia, ikabaki ndani ya hesabu. Yako inaimwaga nje ili upate mlio, petroli ikabaki bila hewa yake. Moshi mweusi ni petroli hiyo, na plagi zako kwa sasa zina masizi. Zitoe uzitazame, ubadilishe kama zimeungua au zimelowa, kisha urudishe valvu ya zamani pamoja na mpira wake wa kurudishia hewa, ukikaza klempu zote mbili. Kama uliitupa, tafuta iliyotumika kutoka WRX ya kizazi kilekile, uivute kwa mdomo kwenye bomba dogo la vakyumu kabla ya kulipa: ikishika pumzi ni nzima, ikivuja mrudishie mwenyewe.